Nani Atasimama Kando ya Mgonjwa?

Mhadhara kuhusu upasuaji wa roboti, uliotolewa Ngome ya Lamu baada ya sala ya alasiri

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojipanga hapo ngazini, ahsanteni kwa kuja. Waandaaji wameniomba nizungumze juu ya upasuaji wa roboti, nami sikukawia kukubali, maana siku hizi sipandi boti pale Mokowe ila kuna kijana atanionyesha ile video kwenye simu: vidole vyembamba vya chuma vinaambua ganda la zabibu, halafu vinalishona lirudi mahali pake. "Fundi, hii ikifika Lamu tumepona."

Hatujapona. Na nitawaeleza kwa nini. Lakini kwanza nataka muielewe mashine yenyewe, kwa sababu ni kazi ya ajabu kweli na walioibuni wanastahili heshima yao. Mimi si daktari, mimi ni fundi wa vifaa tiba. Mashine ya dawa ya usingizi ikikoroma, taa ya chumba cha upasuaji ikizimika, ninayeitwa ni mimi. Kwa hiyo mtanivumilia nikizungumza zaidi habari za nyaya na vyuma kuliko maini na figo.

Nimelisema Malindi, nimelisema Mombasa, na hapa nalirudia: roboti hii haijiamulii kitu. Iliyoenea zaidi duniani ni da Vinci, ya kampuni ya Intuitive Surgical ya California, iliyopewa ruhusa Marekani mwaka 2000. Haikati hata uzi bila mkono wa daktari. Daktari anaketi pembeni, hatua chache kutoka kitandani, mara nyingi amevua viatu ili azihisi vizuri pedali zilizo chini. Uso ameuingiza kwenye kiona-picha. Kila jicho lina picha yake, ndiyo maana anaona kina, na picha imekuzwa mpaka kama mara 10. Vidole vyake vimeshika vishikio viwili. Akivisogeza, mikono ya mashine iliyomwinamia mgonjwa nayo inasogea. Akiinua kichwa, mikono inaganda papo hapo, kwa sababu pale anapoegemeza paji la uso kuna kihisi kinachojua kwamba mwenye macho ameondoka. Jamani, mashine inayoganda daktari akigeuka kupiga chafya, hiyo inajipasulia vipi?

Faida yake mtaiona mkijua kilichokuwepo kabla yake. Kuna upasuaji wa matundu, ambao Kenya tunao na madaktari wetu wanaufanya. Tumbo linajazwa gesi ya kaboni dayoksaidi liinuke, kamera inapitishwa karibu na kitovu, na vyuma virefu vyembamba vinapita kwenye matundu mengine madogo. Kidonda kidogo, maumivu kidogo, mgonjwa anarudi kwake mapema. Taabu iko kwa daktari. Nyinyi mnaopiga kasia mnaijua: kasia likiwa kwenye kishwara, kile kitanzi cha kulishikia, ukisukuma mpini huku, bapa linakwenda kule. Chuma kinachopita kwenye tundu la ngozi ni hivyo hivyo. Mkono ukienda kulia, ncha inaenda kushoto. Na kile chuma kimenyooka, ncha yake haina kifundo, kwa hiyo kushona kwenye kona ya nyonga, chini huko nyuma ya kibofu, ni mateso. Mkono ukitetemeka kidogo, ncha nayo inatetemeka.

Roboti imeyashughulikia yote hayo. Kompyuta inageuza mwendo, mkono ukienda kulia na ncha inaenda kulia. Ncha imewekwa kifundo kinachopinda kupita hata kifundo cha mkono wa binadamu, kinavutwa na nyaya nyembamba zinazozunguka kwenye puli ndogo ndogo, vyote ndani ya kifaa chenye unene wa milimita 8. Mtetemo wa mkono unachujwa. Mwendo unapunguzwa: daktari akitaka, atasogeza mkono wake sentimita tatu na ncha isogee moja tu. Na kila mkono wa mashine umeundwa uzunguke palepale kwenye tundu, usiivute ngozi ya mgonjwa. Mimi nikiangalia michoro ya kile kifundo natikisa kichwa. Ni ufundi.

Kitu kimoja kilikosekana zaidi ya miaka ishirini: kuhisi. Daktari alikuwa hajui kwa vidole vyake kama anavuta kwa nguvu au kwa upole. Alijifunza kwa macho, anatazama nyama inavyobadilika rangi, anatazama uzi unavyokaza. Toleo lililoruhusiwa Marekani mwaka 2024, da Vinci 5, ndilo limeanza kumrudishia hisia ya nguvu mkononi, tena kwa baadhi ya vifaa.

Najua kuna mtu hapa ameshasema moyoni: basi si bora kuliko mkono mtupu? Hapo inategemea unapasua nini. Mwaka 2016 madaktari wa Brisbane, Australia, walichapisha utafiti wa wanaume wenye saratani ya tezi dume, wengine walipasuliwa kwa roboti na wengine kwa njia ya kawaida. Wiki 12 baadaye, kuhusu kuzuia mkojo na nguvu za kiume, matokeo yalikaribiana. Mwaka 2018 ukatoka utafiti mwingine, wa saratani ya shingo ya kizazi katika hatua za mwanzo. Huu naomba mama zangu muusikie. Wanawake waliofanyiwa kwa matundu, wengi wao kwa kamera ya kawaida na wengine kwa roboti, walifuatiliwa. Baada ya miaka minne na nusu, waliokuwa hai bila ugonjwa kurudi walikadiriwa kuwa asilimia 86. Waliofunguliwa tumbo kwa njia ya zamani, asilimia 96.5. Mwaka uliofuata, 2019, mamlaka ya dawa na vifaa ya Marekani, FDA, ikatoa onyo kwamba usalama wa roboti katika saratani za wanawake haujathibitishwa. Hiyo ni Marekani kwenyewe, inakotengenezwa. Kwa hiyo ukipelekwa India kwa matibabu, kama wengi wetu tunavyopelekwa, na daktari akakuambia atatumia roboti, usiogope wala usishangilie. Muulize kwa ugonjwa wako huu, roboti inazidi nini. Muulize upasuaji huu ameufanya mara ngapi, na mashine ikikwama katikati atafanyaje. Daktari mzuri hukasirishwa na maswali hayo? Hapana, anayajibu huku anakuchorea.

Sasa nije kwenye lile linaloninyima usingizi.

Mwezi wa Juni 2025, Dkt. Vipul Patel aliketi Orlando, Florida, akamtoa tezi dume mgonjwa wa saratani aliyelala Luanda, Angola. Kilomita kama 11,000. Roboti ilikuwa Toumai, ya China. Upasuaji ulifanikiwa, alhamdulillahi, na habari zikaenea. Tangu siku hiyo kila mtu ananiambia: Fundi, ikiwa Angola imewezekana, huku visiwani kwetu Faza kuna nini? Kizingitini kuna nini? Tuletewe mashine, daktari abaki huko huko Marekani, atupasue kwa intaneti.

Ndugu zangu, habari hiyo mliisoma nusu. Luanda kulikuwa na timu nzima ya upasuaji imesimama kando ya mgonjwa, tayari kushika kazi mawasiliano yakikatika. Kulikuwa na wa kumlaza usingizi na kumwamsha, wa kutoboa matundu na kufunga mikono ya mashine, wa kubadilisha vifaa kila daktari wa mbali alipotaka kingine. Daktari wa Florida hakuondoa haja ya watu Luanda. Aliweza kwa sababu watu walikuwepo Luanda.

Wala si jambo la jana. Tarehe 7 Septemba 2001, Jacques Marescaux aliketi New York akamtoa mfuko wa nyongo mwanamke aliyekuwa Strasbourg, Ufaransa, kwa roboti iitwayo Zeus. Walitengewa waya wao peke yao wa nuru chini ya Atlantiki. Kutoka mkono kusogea mpaka picha kurudi ilichukua kama milisekunde 155, ambayo ni chini ya sehemu ya tano ya sekunde. Ikafaulu. Jiulizeni: miaka zaidi ya ishirini imepita, kwa nini haijawa kazi ya kila siku? Waya ulikuwepo. Mashine ilikuwepo. Kilichobaki ni kwamba kila upasuaji wa mbali unataka timu kamili upande wa mgonjwa, na palipo na timu kamili mara nyingi mtu wa mbali hahitajiki.

Kanada waliligundua hili mapema. Kuanzia mwaka 2003, Mehran Anvari wa Hamilton alikuwa akifanya upasuaji kwa roboti kwenye hospitali ya North Bay, kama kilomita 400 kaskazini. Lakini madaktari wa North Bay walikuwamo ndani ya chumba, wanafanya kazi pamoja naye na wanajifunza kwake. Hiyo ndiyo ningependa kuiona hapa. Bingwa wa Nairobi au wa Strasbourg ajiunge na daktari wetu wa King Fahd, hospitali yetu ya hapa Lamu, amwangalie kwenye kioo, amwambie shika hapa, kata pale. Kwa hilo huhitaji roboti, unahitaji kamera na mtandao usioyumba.

Na mtandao wetu mnaujua. Kenya nzima inaning'inia kwenye nyaya zinazotokea baharini Mombasa. Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika huko kusini, na Afrika Mashariki yote ikalegea. Mtandao ulisumbua, ofisi zilikwama. Sasa ingekuwa mkono umo ndani ya tumbo la mtu wa Shela?

"Fundi wewe unapinga maendeleo." Nimeshaambiwa hayo, tena na watu wazima. Sipingi. Nimefungua mashine nyingi zilizokufa kiasi cha kujua zinakufa kwa nini, basi. Niwape moja.

Kuna hospitali, sitaitaja, ililetewa msaada wa seti ya kupasulia kwa kamera. Si roboti, ni ile ya chini yake, ya matundu. Ilikuja imefungwa vizuri: skrini, kamera, pampu ya gesi, chanzo cha mwanga. Utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Daktari mmoja kijana alikuwa ameisomea, na miezi ya mwanzo akafanya kazi nzuri. Watu walitolewa vidole tumbo wakarudi nyumbani na plasta tatu ndogo.

Kwanza ikaisha gesi. Mtungi uliokuja na mashine ulikuwa na shingo ya nchi ilikotoka, na mitungi yetu haikuingia. Kiunganishi chake ni kipande cha shaba cha kuenea kiganjani. Mtu atasema, si ungekichonga? Gesi ya mtungi ina shinikizo la kurusha chuma ukutani, hicho si kitu cha kuchonga gereji. Nikaandika barua. Kiunganishi kikaja, kazi ikarudi. Halafu balbu. Chanzo cha mwanga cha aina ile kina balbu ya xenoni, na muda wake ni kama saa 500. Mbele ya mashine kuna kihesabio kinazihesabu hizo saa, kila mtu anaziona tarakimu. Nikaandika barua ya balbu kabla haijafa. Jibu likawa, balbu si inawaka? Ilipozimika nikaandika tena. Ikaambiwa mwaka wa fedha unaisha. Mwaka mpya ulipoingia ikaambiwa haimo kwenye mpango wa ununuzi, kwa sababu aliyeandika mpango aliandika "mashine", hakuandika balbu. Daktari kijana alingoja, kisha akapata kazi kwengine akaondoka, na simlaumu. Muuguzi aliyejua kuvifunga na kuvisafisha vile vyuma akahamishiwa kliniki ya watoto.

Balbu ilikuja hatimaye. Nikaenda kuifunga. Mashine ilikuwa stoo, imefunikwa leso, iko kati ya magodoro na makabati mabovu. Nilipofungua kifuniko cha nyuma nikakuta mayai ya mjusi kafiri yamegandamana na feni, skrubu zimeshikwa na kutu ya upepo wa chumvi, na ubao wa umeme umeota ukungu wa kijani. Nilifunga balbu, ikawaka dakika moja hivi, ikazima kila kitu. Leo mkiniuliza kilichoiua ile mashine sitasema balbu.

Hiyo ni seti ya kamera, wakubwa. Sasa pigeni picha roboti. Bei yake inaweza kufika dola milioni mbili na zaidi, na kila mwaka mkataba wa matengenezo unakula pesa nyingine nyingi. Vile vifaa vya ncha vina chipu ndani inayohesabu matumizi. Vingi vya mwanzo viliruhusiwa mara 10, mashine ikishahesabu kumi inakikataa, hata kiwe kinang'aa. Aliyeshindwa kununua balbu moja atanunua hivyo?

Halafu hebu tutazame wagonjwa wetu wenyewe. Roboti kazi yake kubwa ni upasuaji wa kupangiwa tarehe: tezi dume, figo, mfuko wa uzazi, utumbo mkubwa. Mama wa Kizingitini ambaye mimba imemtunga nje ya kizazi na anavuja damu ndani hana tarehe. Ana masaa. Yeye anataka boti yenye mafuta, usiku, hata kusi ikiwa imechafua bahari. Anataka chumba chenye taa, damu ya kundi lake kwenye friji, oksijeni, mtu wa kumlaza usingizi, na mtu wa kumfungua tumbo, kwa mkono, sasa hivi. Akikosa kimoja katika hivyo, anapandishwa gari Mokowe, anapita Hindi, Witu, Gamba, Garsen, mpaka Malindi, na damu haimsubiri afike. Tume ya jarida la Lancet mwaka 2015 ilisema watu bilioni 5 duniani hawafikii upasuaji salama wanaoumudu, na ikataka, ifikapo 2030, angalau asilimia 80 ya watu wa kila nchi wawe ndani ya saa mbili kutoka hospitali inayoweza mambo matatu: kumpasua mama azae, kufungua tumbo, na kutengeneza mfupa uliovunjika ukatoka nje. Saa mbili. Mwenye kutoka kisiwani Kiwayu anipigie hesabu.

Naona Maalim ananionyesha saa, kwa hiyo yaliyobaki nayapitisha mbio.

Roboti zinazofanya zenyewe. Zipo maabara. Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mwaka 2022 kilitangaza roboti yake STAR imeunga utumbo wa nguruwe walio hai ikiongozwa na programu, binadamu akiisimamia. Mwaka 2025 wakatoa nyingine iliyofunzwa kwa video za madaktari, ikafanya sehemu ndefu ya kazi ya kutoa mfuko wa nyongo kwenye viungo vya nguruwe waliokwisha kufa, na ilisikiliza maelekezo ya sauti. Inakuja, lakini kwanza itakuja kwa kipande kipande, kushona mshono huu, kushika kamera ile. Swali la sheria, nani anashtakiwa ikikosea, ni mhadhara wa siku nyingine na mwanasheria awepo.

Bei. Itashuka. Waingereza wana Versius, ambayo mikono yake iko kila mmoja kwenye kigari chake, Wahindi wana SSI Mantra, Wachina nimewataja. Mmoja hana tena soko peke yake, na hilo ni jema kwetu.

Mafunzo. Kijana mwenye kusomea udaktari asidhani lazima aende Ulaya. Yule Marescaux aliyeketi New York ndiye aliyeanzisha kituo cha IRCAD pale Strasbourg mwaka 1994, na tangu 2023 kuna tawi Kigali, Rwanda, linalofundisha upasuaji wa matundu. Kigali ni hapa jirani. Na nyinyi mliopenda fizikia shuleni, someeni ufundi wa vifaa tiba. Kazi ipo, na pwani hii tuko wachache mno.

Mzee ameuliza pale mbele, basi tufanye nini, tukae tu? Hapana mzee wangu. Kaunti inapoita wananchi kwenye vikao vya bajeti, nendeni, na nendeni na mama zetu. Mtasomewa mashine mpya zinazokuja. Muulize fungu la vipuri na matengenezo ni shilingi ngapi na liko ukurasa gani. Muulize daktari wa usingizi wa zamu ya usiku ni nani, na akiugua anamshikia nani. Muulize friji ya damu ikikatika umeme inahamia kwenye jenereta baada ya dakika ngapi, na mafuta ya boti ya wagonjwa yamo kwenye hesabu ya nani. Mkijibiwa hayo yote kwa tarakimu, yakaandikwa, siku hiyo niiteni tena hapa Ngomeni tuzungumze tunanunua roboti ipi. Nitakuja na michoro.